Ruhusa Niliyoitoa kwa Kiingereza

Nilimfukuza mkwe wangu saa kumi alasiri, mbele ya chai na mihogo ya kuchemsha, na nilikuwa nimevaa koti ili nifanye jambo hilo kwa heshima. Sikujua kwamba ninamfukuza. Nilidhani ninamshukuru. Naandika habari hii kwa sababu dada yangu ameshaisimulia Vudee nzima kwa namna yake, na katika masimulizi yake mimi nimekuwa mjinga kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa mjinga, sikatai, lakini si kwa kiasi hicho.

Kwanza niseme habari za mke wangu, maana bila yeye hakuna Kiingereza katika nyumba hii. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alifundisha Kiingereza tangu nilipomwoa mpaka alipostaafu. Mimi niliishia darasa la saba, nikaenda kuendesha trekta kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Pale shambani nilijifunza Kiingereza kidogo kutoka kwa mabwana shamba, na karibu chote kilikuwa kinaanza na neno "must". You must come early. You must clean the machine. Mke wangu alikuwa akinisikiliza nikijigamba nacho, halafu anasema, "Kiingereza chako ni cha trekta. Kinajua kwenda mbele na kurudi nyuma, kona hakiwezi."

Kona zenyewe alikuwa amezibandika ukutani juu ya meza yake, zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila: can, could, may, might, must, should, would. Aliyaita "wale saba". Alisema watoto wanaweza kukariri majina ya wanyama wote wa porini, lakini wakifika kwa wale saba wanalia. Mimi nilimwambia sioni sababu ya kulia. Kwangu yote yalikuwa "weza" na "lazima", ila yamevaa nguo tofauti.

"Na wewe kanisani unavaa nguo gani?" akaniuliza. "Ovaroli ya trekta?"

Jioni moja alikuwa anasahihisha madaftari, akaniambia kwa Kiingereza, "Can you open the door?" Joto lilikuwa kali siku ile. Nikamjibu, "Yes, I can," nikaendelea kukaa. Nilikuwa nimejibu swali. Aliniuliza kama ninaweza, na mikono ninayo. Alicheka mpaka kalamu nyekundu ikamchora shavuni, halafu akainuka akafungua mlango mwenyewe. Akanieleza kwamba Waingereza hawaombi kitu moja kwa moja. Wanakuuliza kwanza kama una uwezo, ili ukikataa wasiaibike. Nikamwambia ni watu wa kuzunguka sana. Sisi tuna "naomba", inatosha. Hata chumvi tunaiomba na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Neno pekee kati ya wale saba nililolielewa sawasawa ni "might", kwa sababu ya mawingu. Mtu wa Same hahitaji maelezo. Mawingu yanatoka upande wa Kenya, yanapita juu ya vichwa vyetu, yanapanda milimani kunyesha Vudee, na sisi huku chini tunabaki na upepo na vumbi. Mke wangu aliandika ubaoni "It might rain", mtoto mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hapa haiwezi." Alinisimulia hiyo mara nyingi, na kila mara alicheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Alifariki mwaka jana, wakati wa vuli ambayo haikunyesha. Mwanangu, ambaye ni muuguzi Ulaya, alikuja peke yake kumzika mama yake, maana mtoto wake alikuwa mgonjwa na hakuweza kusafirishwa. Tukamzika Vudee, nyumbani kwetu, pembeni ya migomba. Mwanangu akakaa siku tisa, likizo yake ikaisha, akarudi kazini. Mimi nikateremka Same, kwenye nyumba yetu, nikaanza kupika chakula cha mtu mmoja, kazi ambayo mpaka leo sijaiweza. Ninapika kingi.

Miezi ilipita. Kisha mwanangu akapiga simu akasema mke wake na binti yao wanakuja kuhani, shule za kule zimefungwa. Yeye hana likizo tena, kwa hiyo watakuja wawili. Watakaa wiki nne.

"Wiki nne," nikasema.

"Ni nyingi, baba?"

Nikamwambia si nyingi. Sikumwambia kwamba nilishika fimbo ya mbuzi nikaenda nje kusimama tu, kwa furaha. Sikuwahi kumwona mjukuu wangu ila kwenye simu, Jumapili, akiongea na bibi yake. Mimi nilikuwa napita nyuma na kupunga mkono.

Nikamwita dada yangu ateremke kutoka Vudee anisaidie. Dada ni mkubwa wangu, mjane wa siku nyingi, na Kiingereza chake chote ni "bye-bye". Alifika na mkungu wa ndizi. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitika, "Marahaba," na kabla hajatua mkungu akauliza, "Sasa nani ataongea na mzungu?"

"Mimi."

"Wewe?" Akautua mkungu taratibu. "Maskini huyo mwanamke."

Walifika siku ya Jumamosi. Mkwe wangu ni mwanamke mrefu, mpole, anayesikiliza kwa macho. Mtoto ana miaka saba na ana kipaji cha uso cha bibi yake. Nilikiona na nikatazama pembeni. Alijua maneno matatu ya Kiswahili: babu, asante na mbuzi. Hayo matatu yalimtosha kabisa kuishi nasi.

Shida ilikuwa mimi na mama yake. Kwa malezi yangu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Siingii chumba alichomo, simkodolei macho, na nikitaka kumwambia neno gumu ninampitishia mtu. Sasa mtu wa kumpitishia alikuwa dada mwenye bye-bye yake. Kwa hiyo nikalazimika kuongea mwenyewe, kwa Kiingereza cha trekta, huku natazama miguu yangu.

Siku ya pili aliniuliza, "Could I have some water?" Nilikumbuka vizuri kwamba "could" ni "can" ya zamani, yaani jana, juzi. Nikaona ananiuliza kama aliweza kupata maji. Nikafikiri safari yao, nikakumbuka kwamba jana niliwapa maji walipofika, nikamjibu kwa uhakika, "Yes. Yesterday." Alinitazama. Akasema asante. Baadaye nikamwona anakwenda mwenyewe kwenye mtungi.

Siku ya tatu nilikuwa nimelima kijishamba changu nyuma ya nyumba tangu asubuhi, nikaja kukaa kivulini. Akatoka mlangoni akaniambia kwa sauti ya huruma, "You must be tired." Must ninaijua. Must ni amri. Nikaelewa kwamba ni lazima nichoke. Nikajiuliza nimemkosea nini, au labda kwao mzee akikaa mapema ni aibu. Lakini mgeni ni mgeni. Nikainuka nikashika tena jembe, nikalima mpaka jua likawa utosini. Dada akaja na kikombe cha uji.

"Unamlimia nani?"

"Mkwe amesema nichoke."

Dada alitazama kule mlangoni, akanitazama mimi. "Basi mwambie umeshachoka, uje ule."

Haya yalikuwa makosa ya kuchekesha, na kama tungeishia hapo nisingekuwa na la kuandika.

Siku ya tano tukapanda Vudee, kaburini. Gari lilituacha barabarani tukamalizia kwa miguu. Kulikuwa na ukungu, na mkwe wangu, ambaye alikuwa amejiandaa kwa joto la Afrika, alitetemeka ndani ya kitenge alichovishwa na dada. Alipiga magoti kwenye udongo, hakutafuta pa kupigia. Mtoto akaweka maua ya porini aliyochuma njiani, akauliza swali ambalo sikulielewa, mama yake akamjibu kwa sauti ya chini. Mimi nilisimama nyuma. Niliona kwamba amekuja kweli, si kwa kutimiza wajibu tu. Nikamheshimu.

Tukiwa garini kuteremka, dada akaniambia kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, ili iwe siri yetu, ingawa hata Kiswahili kingekuwa siri yetu, "Umemruhusu?"

Nilikuwa nimesahau. Kwetu mtu akija msibani haondoki tu. Anakaa mpaka mwenye msiba aseme neno: ashukuru, aseme shughuli imekwisha, awape watu ruhusa waendelee na kazi zao. Bila ruhusa hiyo mtu ni kama amefungwa. Hajui acheke au asicheke, aende sokoni au asiende. Mkwe wangu alikuwa tangu Jumamosi amekaa kama mtu wa msiba, nguo nyeusi, sauti ya chini. Hata redio hakuigusa. Dada alikuwa amemwona anamkataza mtoto kuimba.

"Mfungue huyo mwanamke," dada akasema. "Apumue. Bado wana wiki tatu na siku kadhaa, watakaa zote wameinama hivi?"

Ndiyo maana nikavaa koti. Njia nzima nilipanga maneno. Kwa Kiswahili yalikuwa mazuri sana: asanteni kwa kuja, shughuli imekwisha, sasa mnaweza kwenda na mambo yenu, si lazima mkae katika majonzi kwa ajili yangu. Nikayageuza moja moja, kama mtu anayehamisha mayai. "Mnaweza" ni can. "Lazima" ni must. "Si lazima" ni must not. Niliona ni rahisi. Nilishangaa watoto walikuwa wanalilia nini.

Tulipofika Same, dada akaleta chai na mihogo. Nikasimama. Mkwe wangu akasimama pia, kwa adabu, na mtoto akasimama kwa kuwaiga wakubwa. Nikasema:

"Thank you for come. The work is finish. Now you can go. You must not stay for me."

Mkwe wangu aligeuka mwekundu kuanzia shingoni kupanda. Nikadhani ameguswa. Akasema, "Oh." Halafu akasema, "Of course." Halafu akasema kitu kirefu chenye "should have" ndani yake, na "should have" mimi siijui hata kwa sura.

"Amesemaje?" dada akauliza.

"Amekubali."

"Na wewe ulisemaje?"

Nikamweleza kwa Kiswahili, neno kwa neno, jinsi nilivyolipanga. Dada akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Umesema vizuri. Marehemu angekusikia asingeamini."

Hilo ni kweli. Asingeamini.

Usiku ule nililala kwa raha. Nilimsikia mkwe wangu chumbani akiongea na simu, akihamisha vitu, zipu zikifunguka na kufungwa. Nikasema moyoni, ameanza kujisikia yuko nyumbani, anapanga nguo zake.

Asubuhi nikakuta mabegi mawili barazani.

Nikayatazama. Nikajiambia wanakwenda matembezi Moshi, au kwenye mbuga kutazama tembo. Lakini mtu hachukui mabegi yote kwenda kutazama tembo. Mkwe wangu akatoka amevaa viatu vya safari, akanisalimia kwa heshima kubwa, kubwa kuliko siku zote, na macho yake yalikuwa yamevimba. Akaniambia taxi, four o'clock, akanionyesha namba kumi kwenye saa yake. Alimaanisha saa nne yetu ya asubuhi, yaani kumi yao. Alikuwa amejifunza kusoma saa yetu ili asinisumbue kuifasiri.

Nilikaa kwenye kigoda nikaona nimeelewa. Amechoka na sisi. Maji ya mtungi, vumbi, upepo, mzee anayejibu "yesterday". Wiki nne zilikuwa nyingi kwa binti wa watu. Nilimpa ruhusa, naye kwa kuwa alikuwa anaisubiri, ameitumia mara moja. Sikumlaumu. Nilijaribu kumpigia mwanangu, simu haikupokewa. Akiwa zamu haishiki.

"Muulize," dada akasema.

"Nimuulize nini? Ameamua."

"Muulize kwa nini."

"Mkwe haulizwi kwa nini."

Dada akasonya, akaenda jikoni kupiga sufuria.

Hapa lazima niseme jambo ambalo halichekeshi, halafu nitaendelea. Siku ya mwisho ya mke wangu nilikuwa naye hospitali tangu alfajiri. Mchana akaniambia, "Nenda ukale. Si lazima ukae hapa kunitazama." Nikaenda. Nilikula ugali na mchicha, nikaongeza mchuzi, nikanawa, nikarudi, nikakuta wameshamfunika. Watu wote wameniambia sikukosea, aliniruhusu mwenyewe. Ni kweli aliniruhusu. Lakini nilikuwa na njaa, na nilifurahi kuruhusiwa, wala sikuuliza mara ya pili kama anataka niende au anataka nikatae. Mwalimu yule, aliyejua kila kona ya maneno hayo, na mimi nililishika lile la juu tu nikaondoka nalo.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikiwaza hayo, mtoto akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa analia bila sauti, pua inatiririka. Akasema, "Babu, why must we go?"

Must. Amri. Must ina mtu nyuma yake ameshika fimbo. Nikamuuliza, "Who say must?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "You said. You said we must not stay."

Nilikumbuka meza, na madaftari, na mke wangu ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Hawa watoto wataniua! Nimewaambia waandike 'si lazima uje kesho'. Darasa zima, darasa zima, wameandika must not come."

"Si ndiyo hiyo?" mimi nilisema siku ile.

"Ndiyo hiyo? Baba, unamwambia mtu asithubutu kuja! Umemfungia mlango!"

Kisha akanieleza neno lililo sahihi. Alieleza vizuri, alirudia mara mbili. Mimi nilikuwa natengeneza utambi wa jiko la mafuta na nikawa naitika tu, ee, ee. Kwa hiyo pale barazani nilijua kosa langu lote, na dawa yake sikuijua hata herufi moja.

Nikainuka. Mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na mabegi, amenigeukia. Nikasahau kutazama miguu yangu. Nilitaka kumwambia: mnaweza kwenda, na mnaweza msiende, ni juu yenu. Nikavunja sentensi katika vipande viwili ili nisikosee.

"You can go," nikasema.

Akainamisha kichwa. "Yes, Baba."

"No, no. Listen. You can go. You can not go."

Akainua macho. "We cannot go?"

"Yes!" nikasema, nikiwa na furaha kwamba ameelewa. "You can not go!"

Sasa alinitazama kwa hofu kidogo, kama mtu aliyefukuzwa jana na kufungiwa ndani leo. Akakaa juu ya begi. Mtoto akaacha kulia kwa mshangao. Nje honi ikapigwa. Teksi imefika, kabla ya saa, jambo ambalo Same halitokei ila siku usiyolitaka.

Dada akatoka jikoni. Alitazama sura ya mkwe, akatazama yangu, akaenda moja kwa moja kwenye begi la mtoto, akalibeba kichwani, akaingia nalo ndani. Akarudi. Akamgonga mkwe begani kwa vidole viwili, kama unavyomgonga mtu aliyekalia kanga yako. Mkwe akainuka. Dada akalibeba na hilo begi la pili, akaingia nalo ndani pia. Kisha akaenda getini.

Tukabaki watatu barazani bila mabegi. Mkwe wangu alianza kutabasamu na kulia kwa wakati mmoja. Akanisogelea hatua moja, si zaidi, akaongea polepole, kila neno peke yake, kama mke wangu alivyokuwa akiwasomea watoto imla.

"Baba. Do you want us to stay?"

Hakuna hata mmoja wa wale saba ndani ya swali lile. Nililisikia lote mpaka mwisho. Na ndipo nilipoona kwamba ugumu haukuwa Kiingereza. Mtu wa umri wangu hamwambii mkwe wake "nataka". Hata mke wangu sikumwambia mara nyingi. Tunasema karibuni, tunasema nyumba ni yenu, tunasema hakuna shida. Nikashika nguzo ya baraza.

"I want," nikasema. "I want very much."

Akafunika uso kwa viganja. Mtoto akanishika mguu wa suruali. Kule getini dada alikuwa anabishana na dereva, mtu mzima mwenye kitambi, aliyetaka kujua abiria wako wapi.

"Safari imekufa," dada akamwambia.

"Imekufaje mama, na mimi nimepigiwa simu?"

"Imekufa kwa Kiingereza. Ingia ule makande."

Dereva akaingia, akala makande ya jana sahani mbili, akasema ana shemeji yake aliyeoa Mjerumani na wao mwaka mzima walidhani huyo Mjerumani amenuna. Halafu akaondoka.

Mchana mwanangu akanipigia. Nikamweleza yote. Alicheka sana. Akasema neno nililolitaka ni "don't have to", au "need not", ile ya mama.

"Mbona ndefu?"

"Ndiyo ilivyo, baba."

"Na 'you must be tired'?"

"Hiyo ni pole. Anakupa pole na kazi."

Nikafikiri nusu siku ya kulima.

Mwanangu akaniambia mke wake alikuwa amekwisha kumwomba abadilishe tiketi, na yeye akamjibu asubiri kwanza, kwa sababu anamjua baba yake na anajua Kiingereza chake, lakini mkwe kwa aibu akaamua kwenda kusubiria hotelini. Akasema pia kwamba mkwe hakukasirika hata kidogo. Alidhani amekosea yeye. Alidhani kwetu mtu akishaona kaburi anatakiwa kuondoka, na kwamba amenilazimisha mzee kumwambia kwa mdomo jambo ambalo alipaswa kulijua mwenyewe. Alikuwa ameona aibu kwa niaba yangu. Kumbe wote wawili tulilala tukiheshimiana, na heshima hiyo nusura iwarudishe Ulaya.

Alasiri dada alitoka na ungo wa maharage, akausogeza mbele ya mkwe. Siku zote tano hakuwa amempa kazi, maana mgeni wa msiba hapewi kazi. Mkwe akaupokea kwa mikono miwili, akaupakata, akauliza kwa macho afanye nini. Dada akaokota jiwe moja, akalitupa uani. Mkwe akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Mtoto akaja kusaidia, na kwa mara ya kwanza tangu wafike akaanza kuimba kwa sauti, wala hakukatazwa.

Maharage yetu yalikuwa ya kuchanganya, mekundu na ya madoa, kama yanavyotoka Vudee. Nilipopita baada ya muda nikaona mkwe wangu amekwisha toa mawe yote, na sasa anatenga maharage yenyewe: mekundu upande huu, ya madoa upande ule, moja moja, kwa uangalifu mkubwa, na mtoto anahesabu. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Dada akanikonyeza nimwambie si lazima. Nikafungua mdomo, nikatafuta neno la kuanzia, nikaufunga. Tukayapika kama alivyoyatenga, mekundu siku ile, na ya madoa tukayaweka ya kesho.